Dakika Ishirini na Mbili

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
Shekiondo alikata utepe wa rekoda kwa wembe,
akaugundisha mwisho kwa mwanzo
ili gitaa lijirudie, lijifuate lenyewe
kama mtu aliyesahau kitu njiani.

Wimbo mmoja, dakika ishirini na mbili.
Kufikia ya tano wacheza dansi wamesharudi vitini.
"Rumba iko wapi?" akafoka mwenye baa.
"Subiri, bado tunapaa,"
naye macho kayafumba.

Mimi nilibeba betri. Nililipwa soda.

Juzi tumemzika. Mwanawe kanipa ule utepe,
umeota ukungu, na mashine ya kuusikilizia
Tanga nzima sijaiona.
Nimeuinua dirishani:
kahawia tupu, na kile kiungo cha gundi.

Bado kimeshika.