Siku ya Tatu

Miaka ishirini na miwili, Korogwe,
nilikichora kisiwa hiki kwa chaki,
na kila mwaka ubao uliisha
kabla kisiwa hakijaisha.
London ilienea. Glasgow ilijibana.
Kichwa kilibaki ukutani, kwenye chokaa,
mpaka Mbwambo wa dawati la nyuma akauliza:
Mwalimu, huko juu hakuna watu?

Nimestaafu. Nimekuja kuangalia.

Thurso. Treni ilisimama kwa kuishiwa reli.
Nyumba za mawe, rangi ya sufuria kuukuu.
Chumba changu kina kitanda kimoja,
kikombe kimoja, kijiko kimoja;
aliyekipanga alinijua.

Siku ya kwanza nilisalimu watu kumi na saba.
Nilihesabu.
Muuza magazeti nilimuuliza habari za nyumbani,
za watoto, za kuamka kwao,
akashtuka kama ninamdai.
Kwetu salamu ni ngazi, unapanda polepole
hadi umkute mtu alipo.
Yeye ana kipago kimoja tu. Akasema: Upepo.
Nikatoka mlangoni, nikautazama, nikarudi kumwambia
unatoka kaskazini-magharibi,
maana ndilo somo langu.
Lakini hakuwa ameuliza.

Siku ya pili, kwenye duka la mashine za kufulia,
mama mmoja akasema: Upepo.
Upepo, nikajibu, nikanyamaza,
kama mtu anavyoitikia marahaba
bila kuichimba maana yake.
Akasogeza kikapu nikae.

Ishbel Sinclair. Goti la kushoto ni la chuma.
Mumewe alifariki Machi;
hayo aliyasema akiitazama mashine,
na ndani ya mashine, kati ya mashuka,
suruali ya mwanamume ikizunguka.
Pole ya lugha yake sikuiamini mdomoni mwangu.
Nikampa ya kwetu.
Po-le, akarudia, kama anayeonja chumvi.

Siku ya tatu, alfajiri, mlango ukagongwa.
Nina kanga kiunoni, mswaki mdomoni.
Ishbel, kofia ya sufu, na mkononi
jembe.
Si kama letu: meno manne, mpini mfupi.
Viazi, akasema. Goti hili. Kama huna shughuli.

Nilicheka hadi nikashika ukuta.
Ningemwelezaje?
Kwetu husemwa, mgeni siku mbili,
na yanayofuata kila mtoto anayajua.
Lakini asafiriye peke yake
siku yake huwa ya kwanza kila siku:
taulo safi, kiti cha dirishani,
asante, samahani, karibu tena,
na hakuna anayemhitaji.
Wiki tatu nimekuwa mgeni, Leeds, Perth, Inverness,
nikishibishwa heshima
kama mgonjwa anavyoshibishwa uji.

Nililima.
Udongo mweusi, baridi ya kung'ata kucha,
yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiamrisha.
Siyo hapo. Utavikata. Hapo!
Nikavikata vinne.
Akakasirika, hasira ya kweli, yenye mate,
akanikaripia kwa Kiskoti kisichokuwa na nukta,
na mimi, mwalimu mkuu msaidizi mstaafu,
nikasimama na kiazi kilichopasuka mkononi
nikiona raha.
Ni lini mara ya mwisho mtu alinigombeza
kana kwamba kesho tutaonana?

Mbwambo, wapo.

Jioni tulipika vile vilivyokatwa, na vitunguu.
Nilikwenda na kijiko changu.
Hatukuzungumza sana. Redio ilitaja mawimbi.
Kuna kiti ambacho hakuniambia nisikikalie,
nami sikukikalia.

Wakati wa kuaga nikamwambia:
tiketi yangu ni ya kesho, saa mbili na nusu.

Akafuta meza. Akaifuta tena.
Yamebaki matuta mawili, akasema,
akachechemea nami hadi kwangu gizani,
na jembe, lenye udongo wake,
akaliegemeza mlangoni pangu.