Ukurutu wa Jiwe

Bogenvilia ya getini kwetu, hapa Masasi,
huchanua kama mtu aliyelipwa korosho jana:
zambarau mpaka barabarani, zambarau juu ya bati la jirani.
Bodaboda hawaulizi namba. Kwa Eusebia wa Maua, husema,
na abiria hufika.

Nyuma ya nyumba kuna jiwe.
Juu yake, kidoa cha rangi ya jivu lililolowa.
Mama mkwe alikiita ukurutu wa jiwe,
akaanika makopa yake pembeni, mbali nacho kidogo,
asije akaambukizwa muhogo.

Mwaka tuliohamia, Chitanda alichukua msumari
akakizungushia mstari, kikiwa na upana wa shilingi.
"Tuone," alisema, "kipi kitakua haraka,
hiki au deni letu la dukani."

Deni lilishinda.
Miaka kumi na tisa, na kidoa kimeuvuka mstari
kwa unene wa ukucha.

Mwalimu Nachinuku anasema si ugonjwa, wala si mmea.
Ni wawili: kuvu ajengaye nyumba, mwani apikaye kwa jua.
Huo mwani, niliuliza, ulifikaje huku,
na bahari iko Mtwara, nauli ya basi?
Alicheka. Hakunijibu.

Ikinyesha, kinakuwa kijani kwa saa moja,
kama mtu aliyekumbuka jambo,
kisha kinalisahau.

Msimu wa salfa, mashine hunguruma alfajiri mikoroshoni,
vumbi la njano huingia hadi kwenye chumvi.
Bogenvilia hupauka wiki moja, hujikung'uta, huchanua.
Upande wa jiwe unaotazama shamba umebaki mtupu.
Chitanda aliibeba mashine ile mgongoni misimu kumi na miwili,
puani kipande cha khanga yangu.
Yeye hakukohoa wiki moja.

Siku ya maziko tulikata matawi mengi, Somoe na mimi,
miiba ikatuchana mikono.
Yalinyauka kabla watu hawajamaliza ubwabwa.

Huu ni mwaka wa saba.
Jana nilipiga goti, nikafuta vumbi kwenye jiwe lake la kichwani.
Pembeni, chini ya herufi ya mwisho,
kitone, kidogo kuliko punje ya uwele.

Nilikuwa na msumari kwenye pindo la khanga.
Niliutoa.
Nikaurudisha.