Mafuta ya Jeki

Masasi, msimu wa korosho. Fuso limeinamia ubavu
pale Mkuti, magunia tisini mgongoni,
na karani wa ushirika anazunguka akiitazama saa
kana kwamba saa ndiyo yenye pancha.

Nikapampu. Jeki ikapanda, ikafikiri, ikashuka.
Nikapampu tena: mpini ukazama laini
kama nabonyeza godoro.

Fundi Sikudhani Nampota hakusema neno.
Alifungua kizibo, akamimina kidogo
kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akanisogezea puani.
Meupe. Meupe kama tui.
"Nani kapika humu?"

Jana yalipungua, duka limefungwa,
nikaongezea maji ya kisima.
Nilidhani kimiminika ni kimiminika.

Akaketi juu ya rimu.
"Hewa ukiibana inakubali,
inajikunja kama mgeni kwenye mkeka wa watu.
Kimiminika hakijikunji. Kisukume hapa,
kitasukuma huku, na huku, na kule chini,
kwa nguvu ileile; hakina kipenzi.
Ndiyo maana mkono wako huo wa bua
unabeba lori. Ila bure hakuna:
pampu thelathini, lori linapanda kidole.

Na maji, kweli, nayo hayabanwi.
Lakini yana haraka. Sili inayoyazuia mafuta,
maji yanaipenya bila hodi,
na yakibaki yanatafuna chuma kimyakimya.
Mnato ndio adabu ya mafuta.
Juni asubuhi unazidi, jeki inaamka kivivu;
saa hii, jua liko juu ya bati, umepungua,
halafu wewe unaongeza maji!"

Tukamwaga yote. Tukasuuza, tukajaza upya,
tukalegeza skrubu ya hewa:
fss, povu, povu, fss,
kisha uzi mmoja wa mafuta, usiokatika.
"Funga."

Mpini ukawa mgumu, ugumu mtamu.
Fuso likanyanyuka unene wa kucha.
Karani akasahau saa.

Mafuta alinikata kwenye posho, elfu nane.
Kile kifuniko hakukimwaga;
alikiweka rafuni, kando ya boksi la spana,
kikakaa hadi mvua za kwanza.
Kila nikifungua banda nilikikuta pale:
maji chini, mafuta juu,
na katikati mstari mwembamba,
umenyooka.