Jumapili Hatusemi

Jumapili, kabla ya ibada, hatusemi.
Miaka arobaini na mmoja sasa, tangu ndoa.
Yevlampi huamka sauti yake ingali imelala,
imeumuka kama kinyunga chini ya kitambaa,
na neno moja tu, hata "umeamkaje",
laweza kuipandisha nusu toni.
Basi naashiria: kidole kwa uji,
viganja viwili kwa koti,
ngumi kifuani kwa "jifunge vizuri,
nje mto Unzha umeganda hadi matopeni."
Watoto wetu walijifunza kulia baada ya saa nne.

Kanisani Kologriv husimama nyuma ya besi wengine.
Wao wakishuka hutua sakafuni.
Yeye hufunua ubao wa sakafu
akaingia kwenye shimo la viazi.
Siwezi kusema namsikia.
Kisikiacho ni kioo cha dirisha la kaskazini,
na meno ya bandia ya bibi Kapitolina,
na nyayo zangu ndani ya viatu vya sufu.

Alikuja kijana kutoka Yaroslavl, Veniamin,
na kinasa sauti na waya shingoni kama tai.
Shuka, akamwambia. Akashuka.
Shuka tena.
Kwenye skrini mawimbi yakaachana,
kila moja peke yake, kama nguzo za umeme
ukitoka mjini.
"Chini ya hapa," kijana akasema,
"sikio huacha kusikia wimbo, huanza kuhesabu."
Yevlampi akajaribu.
Sauti ikakatika punje punje:
bawaba kavu,
chura wa bwawa letu mwezi wa tano.
Akacheka, akaomba chai.
Usiku ule akaniuliza, kama mtoto aliyevunja kitu,
"Ile ya mwisho, ilikuwa sauti, au koo tu?"
Nilikuwa nashona kifungo. Sikujibu.

Watu hudhani uzee hushusha kila kitu,
mabega, kope, paa la banda.
Sauti yake uliikausha, ikapanda.
Alipoteza noti ya chini kabisa, kisha iliyo juu yake,
kama mtu auzaye ng'ombe mmoja mmoja
usiku, jirani wasijue.
Zosima, mwalimu wa kwaya, alijua.
Alipofika pale pa kumwashiria
aliangalia karatasi.

Jumapili iliyopita, giza bado, nakata mkate,
nikasikia:
"Fevronia, chumvi iko wapi?"
Niligeuka kutazama nani kaingia.
Sauti nyembamba, safi,
ya yule mvulana wa kiwanda cha mbao
aliyeniomba tucheze
kabla hajajua kooni mwake mna kisima.

Nikafungua kinywa nimwambie, rafuni, nyuma ya sukari,
kikatoka kitu nisichokijua,
kizito, chenye kutu na manyoya,
kikashuka, kikashuka,
hata kijiko kikatetema ndani ya bilauri.
Siku nyingine huamka kabla yake,
na kuku hawahitaji hotuba.
Na Jumapili, ndiyo hivyo.
Sikuwahi kukutana na sauti yangu ya alfajiri.

Yevlampi akaweka bakuli chini, taratibu,
uso umemgeukia kama uso wa Zosima
anapompata mwimbaji mpya.

"Rudia," akasema.

"Chumvi," nikasema.