Magunia Matupu, Ilembo

Ukungu wa Umalila hausubiri jioni.
Saa tisa tu mlima umeshajifunika shuka,
na mama yuko stoo anakunja magunia ya pareto
ambayo mwaka huu, jua lilipokataa, hayakujaa.

"Miaka mitatu chuoni, Subilaga. Mmehesabu nini?"

Nikamwambia: muhula wa kwanza hatukuhesabu.
Mwalimu alifuta ubao, akafuta namba zote,
hata moja akaifuta.
Akasema, leo hamjui kuhesabu. Anzeni.

Mama alicheka mpaka akakohoa.

Nikachukua gunia, nikalikung'uta:
chavua, petali kavu, sisimizi mmoja.
Nikalikung'uta tena.
Hili, mama, liite sifuri.
Usiseme hakuna gunia. Gunia lipo;
kilichomo ndicho hakipo.
(Hilo alilielewa upesi kuliko mimi.)

Nikachukua lingine, nikatia ndani lile tupu.
Sasa hili lina kitu.
Kitu chenyewe ni utupu, ila ni kimoja.
Liite moja.
Na mbili ni gunia lenye sifuri na moja ndani,
na tatu ni lenye sifuri, na moja, na mbili:
kila namba imewabeba wote waliotangulia.

"Ngoja. Lile tupu si umeshalitia kwenye moja?
Kwenye mbili umelitoa wapi?"

Amenishika.
Kwenye daftari tupu ni moja tu, nalo hukaa kote,
kama jina la babu kwa wajukuu wote.
Stoo haina huruma hiyo.
Mbili ilikula magunia manne,
tatu manane,
nne kumi na sita, yamesokomezana ndani kwa ndani.
Tano ilidai thelathini na mawili.
Sisi tulikuwa na ishirini na matatu.

"Na deni la chama, laki moja na arobaini,
litataka magunia mangapi?"

Hayapo, mama. Dunia nzima hayapo.

Nikajaribu njia nyingine. Kila namba ina mrithi,
mrithi mmoja, wala haikosi.
Sifuri haikumrithi yeyote.
Na namba mbili hazigombei mrithi mmoja.

Hapo akanyamaza.
Shamba la bondeni, tangu baba afe,
baba wadogo wawili wanalishtakiana baraza la kata.

"Na mwisho wake?"
Hauna. Na huo usio na mwisho
hatuwezi kuushona kwa mikono, gunia juu ya gunia.
Tunaandika tu: naiwepo seti yenye sifuri,
na kila aliyemo, mrithi wake naye awemo.
"Mnathibitishaje?"
Hatuthibitishi. Tunakubaliana.
"Basi ni imani."
Ni msingi, mama.
"Msingi huchimbwa. Huu nani kauchimba?"

Kwenye mtihani niliulizwa karibu hivyo hivyo.
Niliandika mistari minne, nikapata alama mbili kati ya kumi.

Mvua ikaanza, ile nyembamba isiyo na sauti kwenye bati.
Tukaacha kila kitu kama kilivyo, tukaenda kuota moto.

Asubuhi nilimkuta njiani kuelekea kichanjani,
nne yote mgongoni, hakuifumua,
magunia kumi na sita na si hata ua moja ndani.

"Kumbe nne ni nzito," akasema,
akahamishia bega la pili.