Daftari la Saa Tisa

Chumba namba saba, nyuma ya maabara, Mlimani:
bati, feni moja, na mashine ya kijivu
inayohesabu visivyoonekana.
Ti. Ti-ti. Kimya. Ti.
Ilitema utepe wa karatasi,
na mama yangu Nasikiwa, fundi sanifu daraja la tatu,
akaunakili kwa penseli
miaka ishirini na miwili.

Mashine ilifuata saa za Grinichi.
Mama alijumlisha tatu, akatoa sita,
maana kwetu siku haianzi gizani.

Kila alasiri mionzi ilipanda,
kidogo tu, haifiki nusu ya asilimia,
kama unga wa maandazi uliopunjwa hamira.
Mwaka alioolewa, kilele kilikaa saa kumi na moja.
Nilipoanza darasa la kwanza kilishahamia saa tisa.
Hakuna aliyekisukuma.
Jua lilikuwa limegeuza sumaku yake
kama mtu anayegeukia ukutani usingizini.

"Likichafuka uso, wageni hupungua,"
aliniambia, akimenya chungwa.
Madoa yakizidi, upepo wake huwarudisha njiani
wasafiri wa nyota zilizokwisha kufa.
Likitulia, wanaingia bila hodi:
bati, fuvu, sufuria ya maharage,
wanapita.

Kurasa nyingine ni tupu.
*Mgao wa umeme, saa mbili hadi saa sita.*
Daktari Mwakalinga alimtaka ajaze kwa kukadiria.
"Sikuhesabu," alisema, "nitaandikaje?"

Halafu Machi, siku tisa,
mwandiko si wake, kalamu ya bluu.
Karatasi ya mashine iliisha, duka la vifaa limefungwa,
na Shomvi, mlinzi wa usiku,
ambaye hakuna aliyemfundisha zile tarakimu,
aliandika kila saa ya zamu yake:
*Ipo. Inalia.*
*Ipo. Inalia.*
Mara mia moja na nane.
Mama alikuwa Muhimbili, wodi ya wazazi.
Mimi ndiye niliyemchelewesha.

Leo nachora mchoro wa miaka yote.
Kompyuta inayakataa maneno ya Shomvi,
inasema si namba.
Nimejaribu sifuri; ni uongo.
Nimejaribu wastani; nikamsikia Mama.

Saa tisa inakaribia. Bati linaalika kwa joto.
Naweka kidole pale mstari ulipokatika,
kuna kitu kinapita kwenye ukucha,
sikihisi.