Mizani ya Darasa la Nne

Jumanne, Cedar Rapids inanuka uji wa oti
kutoka kiwandani, ng'ambo ya mto,
na waraka wa sheria umelala kwenye droo yangu
chini ya gundi na mikasi butu:
mwalimu asifundishe jambo
litakalomfanya mtoto asononeke
kwa ajili ya rangi yake.
Nimeusoma mara tatu. Haukumtaja
mtoto aliyekwisha kusononeka kabla ya kengele.

Tulikuwa tukigawa sehemu, robo na theluthi,
Hadley akanyoosha mkono.
"Jana mimi na Nsimire tuliingia dukani kununua bablishi.
Mabegi yetu ni pacha, ya zambarau, yana nyota.
Yeye akaambiwa aache lake kaunta.
Mimi nikapita.
Kwa nini, Bi. Shemdoe?"

Darasa likanyamaza hata nikasikia hita ikikohoa.
Nsimire akaendelea kutafuna ukucha.

Ulimini nilikuwa na jibu la kwetu Lushoto,
kitanda usichokilalia,
lakini ukitaja kunguni katika shule hii
muuguzi ataitwa,
na kila mzazi ataletewa barua.
Nikaenda kabatini, nikatoa mizani ya sayansi.
"Leteni mabegi."

La Hadley: ratili tano na robo.
La Nsimire: ratili tano na robo.
Wyatt akasema labda mizani imekosea,
tukapima tena, la pili likawa la kwanza.
Robo ile ile.

"Basi dukani lako lilikuwa zito zaidi,"
Hadley akasema, polepole,
kama anayesoma neno refu.

"Huwa zito," Nsimire akajibu. "Hata likiwa tupu."

Hakuna aliyelia.
Wyatt, ambaye baba yake hukaa safu ya mbele
kwenye vikao vya bodi na karatasi zake,
akauliza kama anaweza kulibeba mpaka kwenye basi.
Nsimire akafikiri.
"Leo tu."

Saa tisa nikajaza daftari la masomo kama sheria itakavyo.
Mada: uzito.
Vifaa: mizani moja, mabegi mawili.
Maneno ya mwalimu: Leteni mabegi.
Hitimisho:

hapo kalamu ikasita.
Mimi si shujaa; kodi ya nyumba ni tarehe mosi,
na mkuu wa shule husoma kila mstari.
Nikasikiliza mabasi yakiondoka, moja, moja,
kisha nikaandika:
tutapima tena.